Kikao Kinaendelea

Chama chetu kiliwahi kushindwa na kura zilizoharibika, na sitanii. Katika uchaguzi ule chama cha baba yangu kilipata kura mia mbili na kumi na moja kwenye kata yetu. Chama cha shangazi yangu kilipata mia moja tisini na nane. Kura zilizoharibika zilikuwa mia tatu na nne. Zingekuwa na mgombea wao, zingetupita sote zikipunga mkono. Chama Kikubwa, ambacho sikitaji jina kwa sababu hakihitaji matangazo ya bure, kilipata maelfu.

Wakati huo vilikuwa vyama viwili. Baba, mpima ardhi wa serikali ambaye sasa amestaafu, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Uhuru wa Raia. Wenzake walikuwa walimu na wakili mmoja. Walitaka mtu aseme, achapishe, aabudu na afungue duka lake bila kwanza kugongewa muhuri na ofisi fulani. Shangazi, dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa Chama cha Wastani. Hao walikuwa mafundi, wenye maduka madogo na watu wa ushirika waliochoshwa na kelele. Walitaka zahanati yenye dawa na kiongozi anayeweza kuongea bila kipaza sauti.

Baba aliwaita watu wa Wastani "uvuguvugu". Shangazi aliwaita watu wa Uhuru "makaratasi". Kwa miaka miwili ndugu hao wa tumbo moja walisalimiana kupitia kwangu.

"Mwambie baba yako suruali yake iko tayari."

"Mwambie shangazi yako pindo limepinda."

"Mwambie baba yako miguu yake ndiyo iliyopinda."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari nilikuwa katibu, ila hakuna aliyekuwa amenichagua.

Aibu ya kura zilizoharibika ndiyo iliyowapatanisha. Walikutana kwenye karakana ya Shangazi, vyerehani sita vikasukumwa ukutani, meza ya kukatia nguo ikawa meza kuu, na vyama viwili vikawa kimoja: Uhuru na Wastani. Nusura kife siku ileile. Watu wa Uhuru walitaka kura ya siri, karatasi na sanduku. Watu wa Wastani walitaka mtu asimame aonekane, maana, alisema Shangazi, anayeficha kura ataficha na mengine.

Wakabishana mpaka Baba akatoa wazo. Watu wasimame, sawa. Wanaokubali ukuta huu, wanaokataa ukuta ule. Lakini katikati pachorwe duara kwa chaki, na ndani ya duara asimame yule ambaye hajaamua. Asiguswe, asizomewe, asiharakishwe. Ana haki ya kuuliza maswali, na mtoa hoja lazima ajibu. Na kura isifungwe maadamu duarani kuna mtu.

"Huo ni upuuzi," alisema Shangazi, akaupigia kura ya ndiyo ili akawahi kupika.

Baba alichora duara la kwanza kwa mikono yake. Alichukua uzi kwenye kibiringo cha cherehani, akabana ncha moja sakafuni kwa kidole gumba, ncha nyingine akaifunga kwenye chaki ya kuchorea vitambaa, akazunguka akiwa amepiga goti. Hatua moja na nusu kutoka katikati. Aliyepima mipaka ya mashamba ya watu miaka thelathini hachori duara la kubahatisha. Tangu hapo, kila mkutano, yeye na uzi wake.

Gharama ya utaratibu huo tuliilipa kwa muda. Kuchagua rangi ya bendera kulichukua saa nne, kwa sababu Fundi Redio, ambaye hata redio yako huitazama siku tatu kabla ya kuifungua, aliingia duarani na maswali yake. Mwishowe tulipata rangi ya kijivu. Hakuna aliyeipenda, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ameshindwa. Wapinzani wetu hufa kwa kicheko wakiiona. Husema sisi ni watu wasio na upande. Shangazi huwajibu kwamba hao hawajawahi kupigwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Basi. Miaka kumi na moja imepita hivyo. Tulimpata diwani mmoja, akahamia Chama Kikubwa baada ya miezi mitatu, na bado tunadai bendera yetu aliyoondoka nayo. Mimi nilimaliza kidato cha nne na mwandiko mzuri, kwa hiyo nikafanywa katibu wa tawi, safari hii kwa kuchaguliwa. Baba ndiye Mwenyekiti. Na hapo ndipo inapokuja Jumamosi ninayotaka kuisimulia, siku Baba alipoitisha mkutano wa kulivunja tawi letu na kulikabidhi kwa Chama Kikubwa.

Asubuhi ile wakati wa chai nilimuuliza kwa nini.

"Nimechoka kuwa sahihi na kushindwa, mwanangu," alisema. Alikuwa anajinyooshea shati mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na hatia. "Wameniahidi nigombee udiwani kwa tiketi yao. Nikiwa ndani nitafanya mawili matatu. Nikiwa nje nachora maduara."

"Na mimi nitaingia wapi?"

"Utaingia nami."

Niligonga meza mpaka sukari ikaruka. Nilimwambia mimi siingii popote, na kwamba yeye akichoka ana pensheni ya kuchokea. Alikunja ubao wa pasi.

Tulikusanyika saa nane mchana. Wanachama thelathini na tisa walifika, mbali na Mwenyekiti, ambaye hupiga kura tu pande zikilingana. Mgeni kutoka ofisi ya wilaya ya Chama Kikubwa alikuja na viatu vinavyong'aa hivi kwamba Shangazi alininong'oneza angeweza kutunga sindano kwa mwanga wake. Kuanzia dakika hiyo nilimwita Bwana Viatu, kimoyomoyo na kwenye rasimu ya kumbukumbu. Alikuja na boksi la kadi mpya, na kadi zilikuwa zimeshaandikwa majina yetu. Hiyo ni imani kubwa kwa watu ambao hawajapiga kura.

Aliongea vizuri, simnyimi haki yake. Soko letu litaezekwa paa. Mwenyekiti wetu atakuwa mgombea udiwani. Orodha ya matawi yanayojiunga inafungwa leo saa kumi na mbili jioni, na gari lake liko nje tayari kuipeleka barua. "Ndugu zangu," alimalizia, "katikati ya barabara watu hugongwa."

Baadhi ya watu walicheka. Walikuwa wamechoka, na aliyechoka hucheka upesi.

Baba akatoa hoja rasmi: tawi livunjwe, wanachama wajiunge. Kisha akashuka na uzi wake. Nilimtazama akipiga goti, lile goti bovu la kushoto, na nikaona alichofanya. Uzi aliuacha mfupi. Alichora duara dogo kama sinia, la kutosha jozi moja ya miguu iliyobanana. Alipoinuka hakunitazama.

Watu wakaenda kwenye kuta zao. Ukuta wa madirisha, wanaokubali: ishirini na watatu. Ukuta wa vyerehani, wanaokataa: kumi na watano, Shangazi akiwa mbele, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama nishani. Kwenye ukuta wa madirisha nilimwona Mama Vitabu, muuza magazeti na madaftari, akitazama chini. Hapo roho iliniuma. Miaka miwili iliyopita vijana wa Chama Kikubwa walimfungia kibanda kwa sababu aliuza gazeti la upande mwingine. Tulikwenda tukakaa mbele ya kibanda kile siku tatu, Baba akiwa na kiti chake cha kukunja, mpaka wakafungua. Ndiyo siku niliyoelewa chama ni kitu gani. Ni watu watakaokuja na viti.

Ishirini na watatu, kumi na watano. Mtu mmoja hakuwa amesimama popote, na mtu huyo alikuwa na kalamu mkononi. Niliiweka mezani, nikaenda, nikasimama ndani ya sinia.

"Katibu," alisema Baba, "uko wapi?"

"Duarani, Mwenyekiti."

"Naona. Nauliza kama umekanyaga kwa bahati mbaya."

"Hapana, Mwenyekiti. Sijaamua."

"Asubuhi wakati wa chai ulikuwa umeamua mpaka ukagonga meza."

"Ile ilikuwa meza ya nyumbani, Mwenyekiti. Haimo kwenye kumbukumbu za tawi."

Kicheko kikapita kuta zote mbili. Shangazi hakucheka.

"Toka huko," alinifokea kutoka kwenye vyerehani. "Kama ni kushindwa tushindwe kwa heshima, tukatafute jina jingine. Hilo duara ni ujinga wa baba yako tangu zamani."

"Nina maswali, Shangazi."

"Uliza," alisema Baba, kwa sauti ya mtu anayemruhusu daktari wa meno.

Nikamgeukia Bwana Viatu. Nilimuuliza kama paa la soko ni lile la uchaguzi uliopita au ni jipya. Alisema ni mpango ulioboreshwa. Nilimuuliza lile la zamani lilikuwa na kasoro gani hata likahitaji kuboreshwa kabla ya kujengwa. Nilimuuliza kama ndani ya chama chao mwanachama anaweza kumpinga mwenyekiti mbele ya watu na kesho yake akaendelea kuwa mwanachama.

"Kuna taratibu za ndani."

"Ngapi?"

"Samahani?"

"Taratibu. Tuanze na ya kwanza."

Saa kumi ikapita. Swali la tisa, la kumi, la kumi na moja. Sitasema yote yalikuwa ya maana. Moja lilihusu rangi ya kadi. Bwana Viatu alikuwa anaitazama saa yake kila baada ya jibu, kisha akaanza kuitazama kabla ya jibu. Watu wa ukuta wa madirisha walianza kuegemea dirisha. Saa kumi na moja na robo nikafika kwenye swali nililokuwa nimelitunza.

"Siku mtakapomfungia Mama Vitabu kibanda tena, mimi nikiwa na kadi yenu, nitasimama wapi kusema hapana?"

Mama Vitabu akainua kichwa.

"Hilo ni jambo la kubuni," alisema Bwana Viatu.

"Tuna picha. Mwenyekiti yumo, amekaa kwenye kiti cha kukunja."

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akamgeukia Baba. "Mzee, huyu si binti yako? Mwambie atoke."

"Nyumbani ni binti yangu," alisema Baba. "Hapa ni mjumbe aliye duarani."

"Mtu mmoja awazuie watu thelathini na wanane? Hiyo demokrasia gani?"

"Hata mimi nimeliuliza hilo miaka kumi na moja," alidakia Shangazi. Alikuwa upande wangu, lakini hawezi kuiacha nafasi ya kumchoma mdogo wake.

"Hawazuii. Anauliza," Baba akajibu. "Akitosheka atatoka."

"Hatatosheka! Kila mtu humu anajua!"

"Inawezekana," alisema Baba. "Kanuni haisemi atosheke lini. Niliiandika mimi."

Nilimtazama usoni nikaona anaumia. Udiwani ulikuwa umeegeshwa nje, injini ikinguruma, na yeye alikuwa anautetea utaratibu unaomzuia kuupanda.

Bwana Viatu alipiga hatua tatu mpaka nilipo. Nilidhani atanishika mkono. Hakunishika. Aliweka soli ya kiatu chake juu ya mstari, akausugua huku na huku, huku na huku, mpaka upande mzima wa duara ukawa vumbi.

"Hii ni chaki tu, mzee," alisema. "Haya, hakuna duara. Hesabu kura."

Kwenye ncha ya kiatu kile kinachong'aa palikuwa na weupe kama wa unga.

"Hivyohivyo," alisema Mama Vitabu.

"Nini?" akauliza Bwana Viatu.

"Hivyohivyo ndivyo walivyosema kwangu. Nilipowaambia hiki ni kibanda changu, walisema hili ni bati tu."

Baba alisimama. Alizunguka meza polepole, akiwa na kibiringo cha uzi mkononi, akapapasa mifuko. Chaki yake ilikuwa imebaki punje. Shangazi akatoka kwenye ukuta wake, akachomoa kipande kipya cha bluu kwenye mfuko wa aproni, kile anachokiweka kwa ajili ya nguo za maharusi, akamnyooshea.

"Chukua, makaratasi."

"Asante, uvuguvugu."

Akapiga goti lake bovu. Akanipa ncha ya uzi. "Shika hapo katikati, mwanangu. Bana vizuri. Usitikisike."

Niliinama, nikabana kwa kidole gumba. Baba akarudi kinyumenyume huku uzi ukifunguka. Hatua moja na nusu ikapita. Hatua mbili. Tatu. Kibiringo kiliendelea kuzunguka mkononi mwake mpaka alipofika miguuni pa vyerehani, ndipo akaweka chaki sakafuni na kuanza kutembea kwa magoti. Watu waliinua miguu wampishe. Alipita chini ya meza ya kukatia. Alipita kando ya ukuta wa madirisha, akiomba radhi kwa kila mtu, "samahani bwana, samahani mama." Alipita nyuma ya viatu vinavyong'aa.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napima."

Mistari ilipokutana, sawasawa bila kupishana hata unene wa uzi, Baba alishika ukingo wa meza akainuka. Suruali yake ilikuwa ya bluu magotini. Duara lilikuwa limemeza karakana nzima. Zilibaki kona nne tu za chumba.

"Utaratibu," alisema, akihema. "Walioamua watoke wasimame nje ya mstari, tuhesabu. Ambao hawajaamua wabaki." Kisha akamtazama mgeni kwa adabu zote. "Bwana mgeni, naona na wewe hujaamua."

Nimesikia vicheko vingi maishani, vingine nimevisababisha, lakini kile kilitikisa vioo vya madirisha.

Mwanachama mmoja, dereva wa lori, ndiye wa kwanza kutembea. Alikwenda kwenye kona, akajikunyata pale kama mwavuli. "Mimi nataka paa," alisema. "Mke wangu anauza nyanya kwenye jua. Msinichukie." Kinyozi akamfuata kwenye kona hiyohiyo. Hakuna aliyewazomea. Shangazi aliwapelekea stuli.

Wengine thelathini na saba hawakutoka. Shangazi mwenyewe alirudi akasimama kando yangu, mikono kiunoni, ndani ya ule ujinga wa mdogo wake.

"Mlikuwa mmeamua!" alipaza sauti Bwana Viatu. "Ishirini na watatu mlikuwa pale!"

"Nilikuwa nimeamua," alikiri Fundi Redio, akijikuna kidevu. "Ila sasa nina swali." Chumba kizima kikaguna kwa furaha, maana tunamjua. "Hicho kiatu. Ulipofuta mstari, ulifuta kwa niaba ya chama, au ni wewe binafsi? Nauliza kwa sababu majibu yake ni tofauti, na kila jibu lina maswali yake, na ningependa twende taratibu."

Simu ya Bwana Viatu iliita mara mbili wakati Fundi Redio akifafanua sehemu ya kwanza ya swali. Ilipoita mara ya tatu ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Alichukua boksi lake la kadi. Kutoka katikati mpaka mlangoni ilimbidi avuke mstari, na sote tukaitazama miguu yake. Alipoufikia alisita, akainua kiatu juu, kama mtu anayeruka mtaro, akatua upande wa pili. Hakuukanyaga.

Gari likaondoka bila barua.

Baba aliketi kwenye kiti chake, akaanza kujipangusa magoti, akaacha. "Basi udiwani umekwenda," alisema.

"Umekwenda wapi?" alisema Shangazi. "Gombea kwa tiketi yetu, ushindane na kura zilizoharibika. Safari hii unaweza kuzipita."

Sitawadanganya kwamba tulishinda uchaguzi. Katika matawi kumi na tisa ya wilaya yetu, kumi na mawili yalijiunga jioni ile, na tukabaki saba. Soko halijaezekwa, wala na wao wala na sisi. Dereva wa lori bado ni mwanachama na bado anataka paa. Tumeliweka paa hilo kuwa ajenda namba moja, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Baba amechukua fomu ya udiwani. Bendera ni ileile ya kijivu.

Na mstari upo. Chaki ya bluu ya maharusi ni ngumu, na Shangazi, aliyeuita ujinga miaka kumi na moja, anafagia kwa kuuzunguka na kuukoleza kila Jumamosi. Kwa mujibu wa kanuni, kura haikufungwa, kwa sababu duarani bado kuna watu thelathini na saba wenye maswali. Tumeahirisha tu. Chama Kikubwa kimetuandikia barua tatu. Ya kwanza iliuliza lini tutajiunga. Tulijibu kwamba kikao kinaendelea. Ya pili ilisema kikao hakiwezi kuendelea miezi minne. Tulijibu kwamba wanakaribishwa kuja kutazama.

Ya tatu imefika wiki hii, ina muhuri mkubwa, na inadai orodha ya majina ya wote wanaodai hawajaamua. Hiyo ni barua ya kutisha watu, na baadhi yao kweli wametishika; Mama Vitabu hakulala. Tukakutana, tukajadili, na hakuna aliyetaka jina lake lifutwe. Nimeandika orodha hiyo kwa mwandiko wangu bora kabisa. Nilipofika thelathini na saba Baba alinipokonya kalamu, akaandika jina lake juu kabisa, la kwanza, ingawa Mwenyekiti haruhusiwi kuwemo. Nilimkumbusha kanuni. Akasema nimpeleke kwenye kamati.

Chini ya orodha nimeongeza mstari mmoja kwa idhini ya wajumbe: kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, mgeni wao naye alikuwemo duarani siku ile na aliondoka bila kuuliza hata swali moja. Nafasi yake tumemtunzia. Aje Jumamosi yoyote, saa nane.